Kompyuta ya gari ikinyamaza, usiizike kabla ya kupima nyaya

Dereva anayepita katika wadi ya Chewele, eneobunge la Bura, Kaunti ya Tana River, hujifunza mapema kuogopa miiba ya mathenge, vumbi la kiangazi na matope ya masika. Hayo yote huyaona kwa macho yake. Liko hata hivyo jambo jingine ambalo halionekani, na ambalo limewaacha wengi kando ya njia wakiwa wamejishika tama.

Gari lililokuwa likienda bila tatizo hubadilika ghafla. Taa za onyo za breki, usukani na injini huwaka zote kwa pamoja, mshale wa kasi huanguka kwenye sufuri, na gari likizimwa halikubali kuwaka tena. Fundi akiitwa huchomeka mashine yake ya uchunguzi chini ya usukani, nayo humwandikia alama U0100. Bila kukawia, fundi hutoa hukumu kwamba kompyuta ya injini imekufa. Mwenye gari huanza kuhesabu mbuzi atakaouza ili aagize nyingine kutoka Mombasa au Nairobi.

Aghalabu hukumu hiyo huwa ya haraka mno. Alama hiyo haisemi kwamba kompyuta ya injini imekufa. Inasema tu kwamba kompyuta nyingine zilizomo ndani ya gari hazijaisikia sauti yake. Baina ya kufa na kunyamaza pana tofauti kubwa, na aghalabu tofauti hiyo hutokana na kipande kidogo cha elektroniki kisichozidi ukucha wa kidole, ambacho wataalamu hukiita transiva.

Kwa mkazi wa mjini, kosa la fundi ni hasara ya fedha. Kwa mkazi wa Chewele ni zaidi ya hapo. Gari ndilo linalompeleka mama mja mzito kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti huko Hola, na ndilo linalotoa mahindi katika mashamba ya mradi wa unyunyizaji wa Bura kuyafikisha sokoni. Gari likilala wiki mbili likingojea kifaa ambacho hakikuwa kimeharibika, kuna anayelipa gharama hiyo kwa afya yake.

Gumzo la nyaya mbili

Zamani kila swichi ya gari ilikuwa na waya wake. Vifaa vya elektroniki vilipozidi kuongezeka, furushi la nyaya likawa nene kama mkono wa mtu. Mnamo mwaka 1983 wahandisi wa kampuni ya Bosch nchini Ujerumani walianza kubuni njia ya kuziwezesha kompyuta zote za gari kuzungumza kwa kutumia nyaya mbili tu. Mtandao huo, uitwao CAN, ulitangazwa hadharani mjini Detroit, Marekani, mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliingia katika magari ya kifahari ya Mercedes-Benz, na mwaka 1993 ukapewa kanuni ya kimataifa inayojulikana kama ISO 11898.

Marekani ilikwenda mbali zaidi kwa kulazimisha kwamba magari yote mapya ya kuanzia toleo la mwaka 2008 yatumie mtandao huo katika soketi ya uchunguzi. Maadamu Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane, karibu kila gari dogo linaloshushwa leo katika bandari ya Mombasa lina nyaya hizo mbili ndani yake. Teknolojia iliyokuwa ya matajiri sasa inabeba abiria, mchele na mbuzi kati ya Garsen, Hola na Madogo.

Nyaya hizo husokotwa pamoja kama kamba. Mmoja huitwa wa juu na mwingine wa chini. Pasipo na anayezungumza, zote mbili huwa na umeme wa takriban volti 2.5, na hali hiyo tuiite tulivu. Kompyuta inapotaka kutamka, waya wa juu hupanda hadi karibu volti 3.5 na wa chini hushuka hadi karibu volti 1.5. Hiyo tuiite hali tawala, kwa kuwa humshinda yeyote aliye kimya. Maneno yote ya gari, kama vile kasi ya magurudumu, joto la injini au mlango kuwa wazi, huandikwa kwa mfuatano wa hali hizi mbili. Katika magari mengi madogo mtandao mkuu hupitisha alama 500,000 kwa sekunde moja.

Msomaji atauliza kwa nini nyaya ziwe mbili na zisokotwe. Jibu ni kwamba msikilizaji hapimi umeme wa waya mmoja. Hupima tofauti iliyopo baina ya nyaya hizo. Kelele za umeme kutoka kwenye plagi za injini au jenereta huzipata nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, nayo tofauti hubaki kama ilivyokuwa.

Mdomo na sikio la kompyuta

Kompyuta ya gari haishiki nyaya hizo moja kwa moja. Ubongo wake ni dhaifu, na volti chache za ziada zinatosha kuuunguza. Kati yake na nyaya huwekwa transiva, ambayo ni mdomo na sikio kwa wakati mmoja. Hupokea maneno ya ubongo na kuyatamka kwenye nyaya, kisha husikiliza yanayosemwa na wengine na kuyapeleka ndani.

Mdomo huu haufanyi kazi kwa namna moja wakati wote. Chipu zilizokamilika zaidi, mfano TJA1043 ya kampuni ya NXP ya Uholanzi, zina hali kadhaa za utendaji, na mwenye kuzielewa atayaelewa matatizo mengi ya gari lake.

Ya kwanza ni hali ya kawaida, ambapo chipu husema na kusikia. Ya pili ni hali ya kusikiliza tu, ambapo sikio li wazi lakini mdomo umefungwa. Hali hii huisaidia kompyuta inapoanza kazi, au inapojishuku kuwa na kasoro, ifuatilie mazungumzo bila kuyavuruga.

Ya tatu ni hali ya kungoja. Mdomo umefungwa na sikio kubwa limezimwa, ila limebaki sikio dogo linalotumia umeme kidogo sana, chini ya sehemu ya kumi ya miliampea moja. Sikio hilo halielewi maneno. Linachoweza ni kutambua kwamba kuna mtu ameanza kuzungumza, kisha humwamsha mwenye nyumba.

Ya nne ni usingizi kamili. Hapa chipu huagiza hata umeme unaoilisha kompyuta yake ukatwe, ikabaki yenyewe peke yake ikilindwa na betri kama bawabu wa usiku. Sauti kwenye nyaya au kubonyezwa kwa swichi kunaweza kuirejesha nyumba nzima katika uhai.

Umuhimu wa usingizi huu unaonekana kwa hesabu nyepesi. Chukua betri ya ampea 45 kwa saa. Gari zima likilala vyema na kutumia miliampea 50 tu, betri hiyo ingechukua saa 900, yaani zaidi ya mwezi mmoja, kabla ya kumalizika. Lakini kompyuta moja ikikataa kulala na kuendelea kuzungumza, wenzake nao hawalali, kwa sababu kila sikio dogo linasikia kelele. Matumizi yakifika ampea moja, betri hiyohiyo humalizika kwa saa 45. Ndiyo maana gari lililoegeshwa Ijumaa jioni hukutwa Jumapili halina uhai, na mwenyewe hulaumu betri iliyonunuliwa mwezi uliopita. Mara nyingine chanzo ni redio au king'ora cha wizi kilichofungwa baadaye na fundi asiyejua waya upi wa kuugusa.

Samaki mmoja asiozeshe wote

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Mtandao wa CAN ungekuwa hivyo hasa kama usingewekewa kinga, kwa kuwa yeyote anayeng'ang'ania hali tawala huwanyamazisha wote. Wabunifu wa transiva walikusudia kuvunja kanuni hiyo ya kapu la samaki, nao waliweka kinga za aina nyingi.

Kinga ya kwanza ni dhidi ya msemaji asiyenyamaza. Ubongo wa kompyuta ukikwama huku umeubana mdomo katika hali tawala, chipu huhesabu muda. Neno la halali halina sababu ya kushikilia hali hiyo kwa zaidi ya sehemu ndogo sana ya milisekunde. Zikipita milisekunde chache, chipu humfunga mdomo msemaji huyo na kuziachia nyaya, wengine wakaendelea na kazi.

Kinga ya pili ni dhidi ya kiziwi. Iwapo njia ya kupelekea sauti ndani imekatika, ubongo hudhani kwamba mtandao uko kimya siku zote na hivyo huropoka juu ya maneno ya wenzake. Chipu zilizokamilika hutambua kwamba sikio limekufa na kuuzima mdomo pia.

Kinga ya tatu ni dhidi ya joto. Nyaya zikipiga shoti, chipu inayolazimisha kutamka hupata moto. Ndani yake kuna kipimajoto. Joto la silikoni likipita kiwango kilichowekwa, ambacho katika chipu nyingi ni kati ya nyuzi 160 na 190 za Selsiasi, mdomo hujizima hadi upoe. Jua la Tana River peke yake haliwezi kufikisha joto hilo, kwani chipu za magari hutengenezwa kustahimili mazingira ya hadi nyuzi 125.

Kinga ya nne ni dhidi ya umeme haba. Betri inapochoka, umeme wake huporomoka wakati injini inapozungushwa. Badala ya kutamka maneno yaliyovunjika, chipu hujitoa kwenye nyaya. Kwa hiyo betri mbovu peke yake inaweza kuzalisha alama za upotevu wa mawasiliano, na hiyo ni sababu nzuri ya kupima betri kabla ya kupima kitu kingine. Vilevile chipu isiyo na umeme kabisa haiuvuti mtandao. Hukaa kana kwamba haipo. Kompyuta ya mlango ikikosa umeme, injini haina haja ya kuzimika.

Kinga ya tano ni dhidi ya volti za kigeni. Hapa maendeleo ni dhahiri. Chipu ya PCA82C250, iliyotengenezwa na Philips kwa magari ya volti 12, ilivumilia kati ya volti 8 chini ya sufuri na volti 18 juu yake kwenye nyaya za mtandao. Kwa malori ya volti 24 ilibidi itengenezwe ndugu yake, PCA82C251, iliyofika volti 36 kila upande. Baadaye ilikuja TJA1042, ambayo huvumilia volti 58 kila upande. Waya wa mtandao ukigusana na waya wa betri, hata katika lori, chipu ya namna hiyo haiungui.

Juu ya kinga hizo zote kuna uzio mwingine ulio katika ubongo wenyewe. Kila kompyuta hujihesabia makosa. Ikitamka na neno lake likakataliwa, hujiongezea alama nane. Zikipita 255, hujitenga na mtandao. Makosa 32 mfululizo yanatosha kuifikisha huko, nayo ni kazi ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hapo ndipo taa zote huwaka. Na hapa pia ndipo ilipo siri ya ule uganga maarufu wa kuchomoa kichwa cha betri na kukirudisha: hesabu hufutwa, kompyuta hurejea barazani, na fundi husifiwa. Ila kilichosababisha makosa kingalipo, nacho kitarudi, pengine usiku na mbali na makazi ya watu.

Pale kinga inapokoma

Ni lazima kusema wazi kwamba kunusurika kwa chipu si sawa na kuendelea kwa mazungumzo. Nyaya mbili zikigusana, tofauti baina yao hutoweka. Chipu zote zitabaki salama, lakini hakuna atakayemsikia mwenzake. Kinga imeokoa kompyuta za gharama kubwa, nayo kazi ya kutafuta jeraha kwenye nyaya imebaki ya binadamu.

Majeraha hayo katika ukanda wa Mto Tana yanajulikana. Panya hutafuna ganda la nyaya katika gari lililoegeshwa muda mrefu. Barabara mbovu hutikisa soketi hadi pini zikalegea. Halafu kuna maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, na kila msimu wa namna hiyo madereva hujaribu kupita katika maji yasiyopimika. Gari lililozama hadi sakafuni linaweza kukaushwa na jua na kuonekana zima. Lakini soketi nyingi zimefichwa chini ya zulia na viti. Maji machafu yakibaki humo huku betri imeunganishwa, umeme huila shaba na kuacha kutu ya kijani. Wiki kadhaa baadaye gari hunyamaza, wakati mwenyewe ameshasahau mafuriko.

Mikono ya watu nayo ina lawama. Wako wanaochomelea chasisi bila kutenganisha betri, na mkondo wa mashine ukatafuta njia kupitia kompyuta. Wako pia wanaoazima umeme wa lori la volti 24 ili kuwasha gari la volti 12. Mdomo wa transiva unaweza kuvumilia volti hizo, lakini taa, redio na sehemu nyingine za kompyuta hazikuahidi hivyo.

Vipimo vya kufanya kabla ya hukumu

Fundi hahitaji mashine ya bei kubwa ili aanze uchunguzi wa haki. Mita ndogo ya kupimia umeme inatosha. Katika soketi ya uchunguzi chini ya usukani, tundu la 6 ni la waya wa juu na tundu la 14 ni la waya wa chini.

Kwanza, atenganishe upande hasi wa betri, angoje dakika chache, kisha apime ukinzani baina ya matundu hayo mawili. Kila mwisho wa mtandao kuna kikinza cha omu 120, na viwili vikiwa sambamba hutoa omu 60. Akipata karibu 60, mfupa wa mgongo wa mtandao ni mzima. Akipata 120, waya umekatika mahali au kimojawapo cha vikinza hakifikiki. Akipata karibu na sufuri, nyaya zimegusana au chipu mojawapo imeungua. Achomoe kompyuta moja baada ya nyingine, na ile ambayo kuchomolewa kwake kutarudisha kipimo ndiyo ya kutiliwa shaka.

Pili, arudishe betri na kufungua swichi bila kuwasha injini. Tundu la 6 likipimwa dhidi ya bodi ya gari lioneshe volti zinazopita 2.5 kidogo, na la 14 zinazopungua 2.5 kidogo. Mojawapo likionesha sufuri au volti 12, waya huo umegusa bodi au betri.

Tatu, kabla ya kuihukumu kompyuta iliyonyamaza, ahakikishe kwamba fyuzi yake ni nzima na kwamba umeme na waya wake wa bodi vinaifikia. Kompyuta nyingi zilizotupwa kama maiti zilikosa tu chakula.

Tahadhari moja ni muhimu. Baadhi ya magari mapya yana kompyuta ya kati inayosimama kati ya soketi na nyaya za ndani, hivyo vipimo vya matundu hayo haviwezi kueleza yote. Hapo mchoro wa mtengenezaji unahitajika. Baadhi ya magari ya zamani nayo yanatumia lugha nyingine, na matundu hayo huwa matupu.

Waya uliokatika usisokotwe kwa vidole na kufungwa kwa utepe. Uunganishwe kwa risasi, ufunikwe vizuri, na nyaya mbili zirudishwe katika msokoto wake. Gari lililozama litenganishwe na betri mapema iwezekanavyo, na soketi za sakafuni zifunguliwe, zioshwe kwa maji safi na zikaushwe kabla umeme haujarudishwa.

Chipu iliyo ndani ya gari imefundishwa kuwa mtu akinyamaza asihesabiwe kuwa adui, na mgonjwa mmoja asiwaambukize wote. Mwenye gari anayeambiwa kwamba kompyuta yake imekufa ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: je, fundi, umepima nyaya? Mwenye jibu la kipimo, hata kama ni hilo moja la omu 60, ndiye wa kuaminiwa gari ambalo kesho huenda likaitwa usiku kumpeleka mgonjwa Hola.